Nguo za Mama Yake Swabra

Jumapili jioni, Bugolobi. Mvua ya asubuhi imekwisha, majirani wamerudisha nguo zao kwenye kamba za roshani, na mimi niko mezani na chai iliyopoa. Kidole gumba nimekichoma sindano mara tatu. Mgongo usiseme. Lakini moyo umetulia, na haukuwa umetulia tangu Alhamisi.

Leo sikwenda kanisani. Naliandika mapema kabla mtu hajaniuliza.

Wiki hii nimefanya kosa la mtu anayeshika mkasi kwa mara ya kwanza. Nilipoliona nikafanya la pili, ambalo ni la mtu mzima kabisa. Nililificha.

Kama umefika kwenye ukurasa huu kwa bahati tu, mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Butere, Kenya, ila Kampala nimeshakaa miaka kumi na tisa, na mwanangu Brian Kiganda chake kinanizidi mbali. Chumba changu cha kazi kiko Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi. Nashona sare za shule. Msimu wa mahafali napunguza majoho ya watu wafupi. Mabaki ya vitambaa nayatia kwenye gunia nyuma ya mlango, na nikipata nafasi nayashonea mifarishi, yale mablanketi ya viraka, pamba katikati na kitambaa kizima chini. Wanafunzi wanayapenda kwa sababu hosteli zao zina baridi ya saruji.

Mwezi uliopita Hajati alipanda ngazi zangu akihema. Hajati ni mama wa Kinubi anayekaa Kibuli. Anatarizi mashuka kwa mkono, maua na ndege, na mimi nampigia pindo kwa cherehani kwa sababu macho yake yamechoka. Tumejuana hivyo miaka mingi. Anaongea Kiswahili cha Kampala, ngeli hana habari nazo, na jina la mwanangu halijawahi kumtoka sawasawa. Mimi kwake ni Mama Bulayani. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi dada zangu wakipiga simu kutoka nyumbani wananicheka mimi, kwamba naongea kama yeye.

Siku hiyo hakuleta mashuka. Alileta mfuko wenye magauni matatu yanayonukia kafuri.

"Hii nguo ya mama yake Swabra," akasema.

Swabra ni mjukuu wake. Mama yake alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, homa ya siku nne tu. Hajati alizitoa sadaka nguo za marehemu kama inavyotakiwa, ila hizi tatu zilimshinda mkono. Wenzake walimsema. Akazifungia sandukuni na hakuzifungua tena. Haya yote nilikuwa nimeyasikia kwa watu wengine, kwa sababu Hajati mwenyewe hamtaji marehemu. Hata jina sikuwa nalijua. Ni "mama yake Swabra," basi, na uso unageukia dirishani.

Sasa Swabra ana miaka kumi na saba na amepata nafasi ya kusomea uuguzi huko Arua. Hajawahi kulala nje ya nyumba ya bibi yake hata usiku mmoja. Hajati alitaka mfarishi wa kitanda cha bwenini, na sharti lake lilikuwa moja. Juu isiingie nguo ya mtu mwingine. Yote iwe ya mama yake.

Nikamwambia, Hajati, hiyo kazi ndogo. Ndivyo nilivyosema kwa mdomo wangu huu.

Nilikosea hivi. Sare za shule nakata kwa vipimo vya katoni ambavyo nimevitumia mpaka vimekuwa vyeusi pembeni. Katika vile vipimo nafasi ya mshono imeshatiwa ndani. Naweka katoni juu ya kitambaa nilichokunja mara nne, napitisha chaki, nakata, sifikirii. Mikono inakwenda yenyewe huku mdomo unaongea na mteja. Kwa kazi ya Hajati nilichonga katoni mpya ya mraba wa inchi saba, kwa sababu kila kiraka kilitakiwa kiwe inchi saba kikishashonwa. Kisha nikakunja kitambaa, nikaweka katoni, nikapitisha chaki, nikakata. Kama sare.

Inchi saba kamili. Sikuongeza hata uzi mmoja wa kuliwa na mshono.

Mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, walisema wazee, na mimi nikajionea.

Magauni yale yalikuwa yamevaliwa kweli kweli, kwa hiyo nilichagua. Palipochujuka nilikata nikatupa, palipoungua pia, na penye kiraka. Nilitaka viraka vizuri tu. Nikapata sabini, safu kumi za viraka saba saba, vitambaa vikaisha. Nikashona kwa raha zangu siku tatu, kila mshono ukila nusu inchi huku na nusu inchi huko, na mimi naimba.

Alhamisi nikautandaza mezani, nikapima.

Nikapima tena. Nikasema huu utepe umevutika, umezeeka kama mwenyewe. Nikashuka chini kuazima rula kwa kijana wa duka la chapa, ile ndefu ya chuma. Rula ya chuma haivutiki.

Kila kiraka kilikuwa inchi sita. Mfarishi uliotakiwa kuwa inchi sabini kwa urefu ulikuwa sitini, na upana ulipungua inchi saba. Swabra ni mrefu, amerithi huko kwao, kichwa chake kinagusa fremu ya mlango wangu. Ule mfarishi ungemfunika kuanzia mabegani ukaiacha miguu yake nje huko Arua, mbali na kila mtu anayemjua.

Nilikaa chini. Kitambaa cha dukani ukikikosea unarudi dukani. Hiki ningerudi wapi? Mwenyewe yuko kaburini.

Nililia, ndiyo. Kisha nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Hajati, na sasa naliandika hapa. Ijumaa asubuhi nilienda mjini na kiraka kimoja mkononi, nikazunguka maduka ya vitenge mpaka nikapata kinachofanana. Rangi ile ile ya majani mabichi, duara zile zile za njano, kipya tu. Nikakifua kwa sabuni ya mche mara tatu ili kichujuke kidogo kama kile cha zamani. Kikachujuka. Nikakianika juu ya paa la Wandegeya kwenye jua kali. Nikakipiga pasi. Nikakata mikanda ya kuongezea pembeni, safari hii na nafasi ya mshono, maana akili inarudi ukishaharibu.

Ukiviweka pamoja huoni tofauti. Hata mimi sikuiona.

Nikawa najiambia, atajua nani? Macho ya Hajati hayaoni vizuri. Mtoto hazikumbuki nguo hizi. Furaha yao itakuwa ile ile. Nilijipa sababu nyingi kama mwanasheria.

Nilikuwa nimeshatia uzi kwenye cherehani simu ikalia. Hajati.

"Mama Bulayani, nguo yetu iko salama?"

Alisema yetu. Sijui kama alikusudia, au ni ngeli zake tu. Nikafungua mdomo niseme iko salama, macho yakaangukia kile kitenge cha dukani. Nikasema, "Hajati, nakuja."

Mficha uchi hazai. Nilipanda boda mpaka Kibuli, mfarishi ukiwa kwenye mfuko kifuani, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika yote yakapotea. Nilimkuta amekaa mkekani na shuka lake la kutarizi mapajani. Nikapiga magoti, mimi Mluhya, kama wanawake wa hapa wanavyopiga, nikamwambia kila kitu. Katoni. Inchi moja. Kitenge cha kufua mara tatu, hicho pia.

Alichukua mfarishi akaupitisha vidoleni, mshono baada ya mshono. Nikangoja anifukuze. Ningeondoka bila kinyongo.

Mwishowe akauliza, "Na ile ingine iko wapi?"

Nikamwuliza ipi.

"Ile ulitupa. Kwapa. Mfuko. Kola. Iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye gunia la mabaki, lakini Hajati, ni vipande vibovu, vimechujuka, vingine vimeungua.

Hapo ndipo alipokasirika. Miaka yote hiyo sijawahi kuisikia sauti ile. "Vibovu? Nani amekwambia mbovu? Banange, weye mama, umekata mtoto yangu umetupa kwa gunia!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Inchi zake kumi hakuzijali hata kidogo. Kilichomuuma ni gunia.

Jana Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu Wandegeya, na Swabra nyuma yake amebeba birika la chai. Hajati alikataa kiti. Tulimwaga gunia lote sakafuni, mabaki ya sare za kijani na za zambarau, vipande vyeusi vya majoho, na tukaanza kuchambua. Mimi nilitafuta kwa macho. Hajati alitafuta kwa vidole na pua.

Cha kwanza kilikuwa kipande cha kwapa, kimepauka mpaka kimekuwa karibu cheupe. Akakishika, nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Jasho!" akasema. "Huyu mtoto alikuwa na jasho! Mvua inanyesha, yeye anatoka jasho. Mariamu. Mariamu wangu huyu."

Ndivyo nilivyolijua jina lake.

Swabra alisimamisha mikono. Nadhani na yeye jina lile alikuwa amelisoma tu kwenye karatasi zake za shule. Aliogopa kumkatiza. Akaendelea kuchambua polepole, akimpelekea bibi yake kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kikaja na habari yake. Goti lililosuguliwa na sakafu ya nyumba ya watu huko Nakasero alikofanya kazi. Mfuko ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa sababu alikuwa mvivu wa kutafuta uzi unaolingana. Mimi fundi nilipouona mshono ule niliukata bila huruma. Hajati alisema, "Tazama, hata sindano hajui kushika, na mama yake anatarizi!" Akacheka tena mpaka akajifuta macho.

Kisha kikaja kile kipande chenye alama ya pasi, pembe tatu ya kahawia.

Hapo alikiweka gotini, akaifuata ile alama kwa kidole. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele chini, mashine za chapa zinakwenda.

"Hii nilimpiga," akasema. "Siku ya Idi. Nguo mpya, anachoma na pasi ya makaa. Nilimpiga kofi. Mtu mzima, ana mtoto mgongoni, mimi nampiga kofi. Akaivaa tu hivyo hivyo, akanipa mkono, akasema Idi njema mama." Akakunja kipande kile kidogo sana, akakikunjua. "Idi ingine hakufika."

Swabra alijisogeza, akaweka kichwa chake begani kwa bibi yake, yule mtoto mrefu, ikabidi ajikunje mara mbili. Mimi nilisimama nikajifanya natafuta mkasi. Nilikuwa nimeushika.

Miaka kumi na tano na zaidi mama huyu alikuwa amebeba kofi lile peke yake. Na mimi nilikuwa nimelikata nikalitia kwenye gunia kwa sababu lilikuwa doa.

Vipande hivyo ndivyo tulivyouzungushia mfarishi pembeni. Tulivipanga sakafuni bila kipimo, kikubwa na kidogo, cha pembe tatu na cha mviringo, na mimi nikavishonea juu ya mikanda ya kitambaa cha marikani ili vishikane, nyuma kusionekane. Sikutumia katoni. Kwapa likakaa karibu na kola, goti karibu na mfuko. Niliogopa itakuwa fujo. Ni fujo kweli, wala haimkeri mtu.

Kitenge changu cha uongo nilitaka kukificha ila Hajati alikikumbuka. "Ile ya kufua mara tatu tia chini," akasema. "Chini haina shida. Imeshapata adabu." Na mimi nikapewa adabu yangu baadaye, nikiwasindikiza mlangoni. "Kosa moja haliachi mke, Mama Bulayani. Lakini la pili tutaona."

Kipande cha mwisho alikiona Swabra mwenyewe. Kilikuwa kifua cha gauni la kitenge, na katikati kina zipu ya chuma, fupi, kama kiganja. Akauliza mbona zipu iko mbele, gauni gani hufungwa mbele? Hajati akamwambia ni ya kunyonyeshea, bambi, maskini, ulikuwa unanyonya hapo. Swabra akaipandisha na kuishusha mara moja. Akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo, kwa heshima kabisa, "Mama Brian, usiifunge. Uishone ifunguke."

Sijawahi kushona zipu kwenye blanketi. Sikumwambia hivyo.

Nilibeba kazi yote nikaileta hapa nyumbani, na leo tangu alfajiri mvua inanyesha mimi niko kwenye cherehani ya mkono. Nilitia pamba, nikatandaza chini kile kitenge chenye adabu, nikafunga mafundo pembeni mwa kila kiraka ili pamba isihame. Zipu niliiweka upande wa kulia, juu, karibu na mahali mkono unapolala. Nilipima kabla ya kukata. Halafu nikapima tena, halafu nikamwita Brian apime, akaniuliza kama naumwa. Kwenye katoni ile ya inchi saba nimeandika kwa wino mwekundu ONGEZA MSHONO. Katoni nyingine nitaziandika kesho, hata zile za sare. Na kwenye gunia la nyuma ya mlango sitatia tena mabaki ya mteja kabla sijamwuliza kama anayataka.

Saa saba mchana nikaufikisha Kibuli. Nilipima mbele yao. Inchi sabini, na kidogo.

Swabra akautandaza juu ya kitanda cha bibi yake akajilaza chini yake na nguo zake zote, mchana kweupe, na miguu ikafunikwa. Akacheka. Hajati alikuwa ananimiminia chai. Tukawa tunaongea habari za basi, na sanduku, na kama Arua kuna baridi. Huku tukiongea nikasikia zipu inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Swabra alikuwa anatazama dari, sidhani alijua mkono wake unafanya nini.

Hajati akaweka birika chini.

"Nani amekuonyesha?" akamwuliza.

Swabra akauliza kitu gani.

"Hiyo. Ulikuwa ukinyonya unaicheza hivyo. Hivyo hivyo, na mkono huo huo. Hulali bila hiyo. Mama yako anashika kidole chako anakibusu, anasema acha, weye unaicheza tena."

Swabra aliinuka akakaa. Zipu alikuwa bado ameishika. Akatazama mkono wake, kisha akamtazama bibi yake, na akauliza kile ambacho nadhani amekibeba tangu aanze kusema:

"Alikuwa na sauti gani?"

Hajati akapanda kitandani kwa shida, akavuta mfarishi juu ya miguu yake na yeye, akaanza kumwambia. Nikaaga. Hawakunisikia. Chai yangu niliiacha mezani, nikaufunga mlango nyuma yangu polepole.

Basi la Arua ni kesho alfajiri. Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu. Naomba wawe bado wanaongea.